Watu wa Kemoshi

Aliyelelewa na shule ya Jumapili anawajua Wamoabu bila kujitambua kwamba anawajua. Anamjua Egloni, yule mfalme mnene aliyechomwa tumboni na Ehudi, Mbenyamini wa mkono wa kushoto, hadi mpini ukazama kwenye mafuta. Anamjua Balaki, aliyemkodi Balaamu aje awalaani Waisraeli, na punda aliyekiona kile ambacho mwaguzi mwenyewe hakukiona. Anamjua Ruthu, mjane aliyeandamana na mama mkwe wake Naomi hadi Bethlehemu, ambaye maneno yake ya kumng'ang'ania mkwe siku hizi husomwa harusini kana kwamba aliambiwa bwana harusi. Na kama alikuwa mtoto mdadisi, wa kufunua zile kurasa ambazo mwalimu huziruka, anaijua pia habari ya Lutu pangoni, na mabinti wawili waliomlewesha baba yao. Mkubwa alizaa mtoto wa kiume, akamwita Moabu.

Kwa Kiebrania jina hilo linakaribiana kwa mlio na maneno yenye maana ya "kutoka kwa baba". Huo ni utani wa jirani, na ni utani wenye sumu. Unakubali undugu na kuutia doa kwa pumzi moja: naam, hawa ni damu yetu, lakini ulizeni walivyozaliwa.

Undugu wenyewe ulikuwa wa kuvutana na kusukumana. Daudi alipokuwa akiwindwa na Sauli, aliwapeleka wazazi wake kwa mfalme wa Moabu wapate hifadhi, wala si ajabu, kwani Ruthu ndiye aliyemzaa babu yake. Alipokwisha kuwa mfalme, Daudi huyohuyo aliwapiga Wamoabu, akawalaza mateka chini na kuwapima kwa kamba: kamba mbili za kuuawa, kamba moja ya kuachwa hai. Sheria ya Musa nayo ilimfungia Mmoabu mlango wa kusanyiko hadi kizazi cha kumi. Daudi alikuwa kizazi cha tatu kutoka kwa Ruthu.

Kwa zaidi ya miaka elfu mbili, karibu kila lililosemwa juu ya watu hawa lilitoka kinywani mwa jirani huyo mmoja.

Nchi yao inaonekana ukiwa Yerusalemu. Panda Mlima wa Mizeituni siku isiyo na ukungu, utazame mashariki: ardhi inaporomoka hadi Bahari ya Chumvi, ambayo uso wake uko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari nyingine, kisha ng'ambo inainuka ghafla kama ukuta wa rangi ya zambarau. Juu ya ukuta huo ndiko Moabu. Ukishafika huko milima inakwisha, unajikuta kwenye uwanda ulioinuka, wa ngano na shayiri na kondoo. Mvua hunyesha majira ya baridi tu, na kila hatua unayopiga kuelekea mashariki inapungua, hadi jangwa linapochukua nchi.

Uwanda huo umekatwa na makorongo ya kutisha. Kubwa kuliko yote ni la Arnoni, leo Wadi Mujib, ambalo mtu aliyesimama ukingoni huiona ng'ambo ya pili lakini kuifikia ni safari ya nusu siku kwa miguu, kushuka na kupanda. Kusini mpaka wao na Waedomu ulikuwa kijito cha Zeredi. Kati ya Zeredi na Arnoni hapakuwa na ubishi, hiyo ilikuwa Moabu. Ugomvi wote ulikuwa kaskazini ya Arnoni, kwenye uwanda wa Medeba wenye udongo mzuri, ambao Wamoabu waliuita wao, na kabila la Gadi na la Reubeni wakauita wao. Katikati yake ilipita ile njia kuu ambayo Biblia inaiita ya mfalme, iliyopandisha misafara kutoka Ghuba ya Akaba hadi Dameski. Mwenye Medeba alikuwa na chakula, na alikuwa na ushuru pia.

Wamisri walikuwa wakiwataja mapema. Farao Ramesesi wa Pili, katika karne ya 13 KK, aliliandika jina la Moabu kwenye ukuta wa hekalu la Luxor, miongoni mwa nchi alizozishambulia. Wakati huo Moabu ilikuwa nchi ya vijiji na mahema. Ilichukua karne kadhaa mpaka machifu wa miji yake wakaanza kujiita wafalme.

Mungu wao alikuwa Kemoshi. Jina lake, kwa sura ya Kamishi, limo tayari katika vibao vya udongo vya Ebla, huko Siria, vya milenia ya tatu KK. Alikuwa mkongwe kuliko watu wake. Kitabu cha Hesabu kinawaita Wamoabu watu wa Kemoshi, kama mtu anavyoitwa kwa jina la baba yake. Sulemani alimjengea madhabahu juu ya mlima unaoelekea Yerusalemu, kwa ajili ya wake zake wa kigeni, na kwa mujibu wa kitabu cha Wafalme madhabahu hiyo ilisimama mpaka Mfalme Yosia alipoinajisi, kiasi cha miaka 300 baadaye. Hebu fikiria: karne tatu mungu wa Moabu alikuwa na kiwanja chake mkabala na hekalu.

Katika karne ya 9 KK alitokea Israeli mfalme aliyeitwa Omri. Biblia inamtupia mistari michache, yenye dharau, lakini Waashuru waliendelea kuiita Israeli "Nyumba ya Omri" hata baada ya nasaba yake kufyekwa. Alijenga mji mkuu mpya, Samaria, akavuka Yordani, akaichukua Medeba. Moabu ikageuka nchi ya kulipa. Ahabu, mwanawe, akaendelea kupokea. Mwandishi wa Wafalme anataja malipo hayo: wana-kondoo 100,000, na sufu ya kondoo dume 100,000. Hata kama mtu atazipunguza hesabu hizo kwa kuwa ni za mwenye kujisifu, bado ni makundi yanayoweza kufunika bonde.

Aliyekuwa akilipa aliitwa Mesha. Biblia inamtambulisha kwa kazi yake kabla ya kutaja ukaidi wake: mfuga kondoo. Ahabu alipokufa, mfuga kondoo akaacha kulipa.

Kilichofuata kimesimuliwa katika sura ya tatu ya Wafalme wa Pili, nami naihesabu miongoni mwa sura za ajabu kabisa za kitabu hicho. Yehoramu wa Israeli alimwomba msaada Yehoshafati wa Yuda, wakamchukua na mfalme wa Edomu. Wafalme watatu hawakuvuka Yordani upande wa kaskazini. Walizunguka kusini kupitia jangwa la Edomu, safari ya siku saba, na maji yakawaishia. Nabii Elisha, aliyekuwa msafarani, alitaka kwanza aletewe mpiga kinanda. Kisha akaamuru bonde lijazwe mahandaki. Asubuhi maji yakaja bila mvua wala upepo, na jua lilipochomoza Wamoabu waliyaona mekundu kama damu. Wakadhani wafalme wamechinjana wenyewe kwa wenyewe. Wakakimbilia nyara, wakakuta mapanga.

Waliobaki walifukuzwa hadi ndani ya nchi yao. Washindi waliifanyia ardhi ile ukatili wa mkulima anayejua kinachomuuma mkulima mwenzake: walitupa mawe katika kila shamba zuri, wakaziba kila chemchemi, wakakata kila mti wa matunda. Ukabaki mji mmoja, Kir-haresethi, ambao wataalamu wengi wanasema ndio Karak ya leo, juu ya kilima kilekile ambacho baadaye wapiganaji wa Msalaba walijenga ngome. Mesha akatoka na watu 700 wenye panga, akijaribu kupenya upande wa mfalme wa Edomu, akarudishwa. Hapo akamtwaa mwanawe wa kwanza, mrithi wake, akamtoa sadaka ya kuteketezwa juu ya ukuta, mbele ya macho ya majeshi yote.

Na hapo sura inakatika kama kamba. Ghadhabu kubwa ikawashukia Israeli, anasema mwandishi, wakaondoka, wakarudi kwao. Ghadhabu ya nani? Hasemi. Kama ni ya Mungu wa Israeli, kwa nini amkasirikie aliyekuwa akimtii nabii wake? Kama ni ya Kemoshi, basi mwandishi amekiri kwa mdomo uliofumbwa kwamba mungu wa jirani alisikia. Wafafanuzi wamebishana juu ya neno hilo moja tangu enzi za marabi. Mimi naona mwandishi alikuwa na ukweli mmoja usiokwepeka: jeshi lilikwenda kumrudisha Mesha kwenye malipo, likarudi bila Mesha na bila malipo. Namna ya kulisema hilo ndiyo iliyomshinda.

Habari ikabaki hapo hadi Agosti 1868.

Mwezi huo Frederick Augustus Klein, mmisionari mzaliwa wa Alsace, alikuwa akisafiri mashariki ya Bahari ya Chumvi. Alikuwa mtu wa Church Missionary Society, jumuiya ileile ya Kianglikana iliyomleta Krapf Mombasa mwaka 1844. Tarehe 19 alifika kwenye mahema ya Mabedui wa Bani Hamida, karibu na magofu ya Dhiban, kaskazini kidogo ya korongo la Arnoni. Wakati wa mazungumzo akaambiwa kwamba hapo jirani kuna jiwe lenye maandishi. Alikwenda kulitazama jua likielekea kutua: jiwe jeusi la basalti, lile litokanalo na volkano, limelala chini, urefu wake zaidi ya mita moja, upana zaidi ya nusu mita, limeviringwa kichwani, na mistari 34 ya herufi asizoweza kuzisoma. Akanakili chache, akaondoka. Hakujua kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuliona jiwe hilo, wala kwamba angekuwa wa mwisho kuliona zima.

Diboni. Dhiban ni Diboni, na Diboni ulikuwa mji wa Mesha.

Klein alimweleza balozi mdogo wa Prusia mjini Yerusalemu, naye akaanza kulinunua kimyakimya kwa ajili ya Berlin. Siri haikukaa. Charles Clermont-Ganneau, mkalimani wa ubalozi mdogo wa Ufaransa, kijana wa miaka 23, alipata fununu. Kwanza alimtuma mtu aitwaye Salim al-Kari, aliyerudi na mistari michache iliyonakiliwa kwa mkono. Ilitosha kumwondolea usingizi. Mwishoni mwa mwaka 1869 akamtuma Yakub Karavaka na wapanda farasi wawili, wakachukue chapa ya jiwe zima. Kazi hiyo hufanywa hivi: karatasi iliyoloweshwa inabandikwa juu ya maandishi, inapigwapigwa kwa brashi mpaka izame ndani ya kila herufi, halafu inaachwa ikauke ndipo ibanduliwe.

Karatasi ilikuwa bado mbichi ulipozuka ugomvi kati ya wenyeji waliosimama pale. Mikuki ikatoka. Yakub akachomwa mguuni, akarukia farasi wake. Mmoja wa wenzake, Jamil, alikuwa na akili ya kugeuka badala ya kukimbia: akaibandua karatasi ikiwa majimaji, ikararuka vipande, akaisokomeza ndani ya kanzu, ndipo akampiga farasi wake mbio.

Karatasi ile iliyokunjamana ndiyo nakala pekee ya jiwe zima. Kwani Waprusia, walipoona mazungumzo yanakwama, walimwomba gavana wa Kiosmani awalazimishe Bani Hamida kulitoa. Watu wale walikuwa na kisasi cha karibu na askari wa serikali hiyo. Mnamo Novemba 1869 waliwasha moto chini ya jiwe mpaka likapata moto kabisa, wakalimwagia maji baridi, likapasuka. Vipande waligawana familia kwa familia, wakavitia kwenye maghala ya nafaka viwe baraka.

Kisa hiki husimuliwa Ulaya kama kisa cha ujinga wa Mabedui. Sikubaliani. Jiwe lilikuwa lao. Wageni walikuja mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na bei yake na siri yake, na mwisho wakaleta vitisho vya gavana. Wenye jiwe walihakikisha gavana halipati. Hasara ni yetu sote, lakini walijua walichokuwa wakifanya.

Clermont-Ganneau na Mwingereza Charles Warren walitumia miezi kukusanya vipande, vikubwa viwili na vidogo vingi. Tangu 1873 jiwe lililoungwa liko Louvre, Paris. Kiasi cha theluthi mbili ni jiwe la asili. Pengo lililobaki limejazwa kwa kufuata karatasi ya Jamil.

Hapa niseme jambo la kando, maana linachekesha. Baada ya habari hizo kila mtu alitaka kitu cha Kimoabu, na soko halikawii kumpatia mtu anachotaka. Duka la Moses Wilhelm Shapira mjini Yerusalemu likaanza kuuza sanamu za udongo zenye herufi za Kimoabu. Prusia, iliyolikosa jiwe, ilinunua vipande vipatavyo 1,700. Clermont-Ganneau alipochunguza akagundua vimefinyangwa juzijuzi, na nyayo zikamfikisha kwa Salim al-Kari, yuleyule aliyemtuma kunakili mistari ya mwanzo. Waliokosa kweli moja wakanunua uongo kwa jumla.

Sasa Mesha mwenyewe, kwani maneno ya jiwe ni yake.

Anaanza kwa kujitaja: jina lake, jina la baba yake, kwamba ni mfalme wa Moabu na mtu wa Diboni. Baba yake alitawala miaka 30, naye akatawala baada ya baba yake. Sehemu ya jina la baba ilikuwa imepotea, mpaka mwaka 1958 kilipopatikana Karak kipande kingine cha jiwe chenye jina linalosomwa Kemoshiyati, mfalme wa Moabu. Halafu anaeleza kwa nini Omri aliweza kuionea Moabu siku nyingi, na sababu anayoitoa ni kwamba Kemoshi alikuwa ameikasirikia nchi yake.

Aliyesoma kitabu cha Waamuzi atadhani amesoma vibaya. Taifa linashindwa kwa sababu mungu wake ana hasira. Hasira ikipoa, anamwinua mkombozi. Huo ndio uti wa mgongo wa historia ya Israeli kama ilivyosimuliwa na Waisraeli, na hapa upo mzimamzima kinywani mwa adui yao, na jina moja tu limebadilika.

Lugha nayo. Kimoabu cha Mesha na Kiebrania cha Samaria vilitofautiana kama Kimvita na Kiunguja: huyu akisema neno kwa namna yake, yule anacheka kidogo, na mazungumzo yanaendelea. Wingi wa Kiebrania huishia kwa "-im", wa Kimoabu kwa "-in". Herufi zilikuwa zilezile. Hata kitenzi cha kuwatoa maadui wote wakfu kwa mungu kwa kuwaua, kile kinachotumika kwa Yeriko ya Yoshua, ndicho anachokitumia Mesha. Watu hawa walipolaaniana, hawakuhitaji mkalimani.

Omri aliikalia Medeba, anasema Mesha, siku zake zote na nusu ya siku za mwanawe, miaka 40. Ukizihesabu enzi za Omri na Ahabu katika kitabu cha Wafalme hesabu haifiki hapo, na wataalamu wameandika mengi kujaribu kuzipatanisha. Msemaji wa Kiswahili hahangaiki sana. Siku za mwizi ni arobaini, na kwa Mesha, Omri alikuwa mwizi.

Kisha vita. Ataroti: watu wa Gadi, anakiri, walikuwa wakikaa humo tangu zamani, na mfalme wa Israeli ndiye aliyewajengea mji. Mesha akauteka, akawaua watu wote kwa ajili ya Kemoshi, akaleta humo watu wengine. Ni ungamo la ajabu kwa mtu anayedai kurudisha ardhi ya wazee. Wachimbaji waliofanya kazi Khirbat Ataruz, mahali pa mji huo, wamefukua hekalu, na ndani yake madhabahu ndogo ya jiwe iliyochongwa maandishi ya Kimoabu, yaliyochapishwa mwaka 2019. Kwa hiyo Wamoabu kweli waliingia, na walipoingia walileta mwandishi.

Halafu Nebo. Kemoshi alimwambia aende akaitwae, naye akaenda usiku, akapigana tangu alfajiri hadi adhuhuri. Anadai aliua watu 7,000, wanaume na wanawake, wenyeji na wageni, na wajakazi. Kutoka huko alibeba vyombo vya Mungu wa Israeli, akavikokota mbele ya Kemoshi, na hapo ameliandika jina lenyewe, zile herufi nne ambazo Wayahudi hawazitamki. Hakuna maandishi ya zamani zaidi, nje ya Biblia, yanayolitaja jina hilo bila shaka kwamba ni la Mungu wa Israeli. Limehifadhiwa na mtu aliyekuwa akijisifu kwa kumnyang'anya.

Israeli imeangamia, anasema, imeangamia milele. Farao Merneptahi alikuwa amekwisha kuchonga majigambo ya aina hiyo mnamo 1208 KK, kwenye jiwe ambalo ndilo la zamani zaidi linalokubaliwa na wengi kuwa limeitaja Israeli. Mawe haya mawili yanayosimulia habari za watu hao, yote mawili ni matangazo ya msiba wao.

Nilipoanza kulisoma jiwe hili nilitarajia Kir-haresethi. Nilitaka kumsikia Mesha mwenyewe akisimulia ule ukuta na yule kijana. Hayumo. Hakuna wafalme watatu, hakuna maji mekundu, hakuna mtoto. Wafalme wa Pili nao hawana Nebo, wala Ataroti, wala 7,000 wale. Kila upande umechonga vita ulivyoshinda na kukinyamazia kilichouma. Ukiziweka simulizi mbili pamoja zinakubaliana juu ya jambo moja tu, na ndilo kubwa: mfuga kondoo aliacha kulipa, na hakuna aliyeweza kumlazimisha tena.

Sehemu ninayoipenda zaidi haina damu. Mesha anaacha vita na kuanza kuongea kama mwenyekiti wa mji. Amejenga kuta, malango na minara. Amejenga nyumba ya mfalme. Ametengeneza barabara kwenye Arnoni, na aliyewahi kuliona korongo lile anajua hiyo haikuwa kazi ya mchana mmoja. Amechimba birika la maji. Na kwa kuwa ndani ya mji hapakuwa na birika hata moja, aliwaambia watu wote: kila mmoja ajichimbie lake nyumbani kwake. Mahandaki yalichimbwa na mateka wa Israeli. Katika nchi ambayo mvua ni ya majira na adui huziba chemchemi, amri hiyo ina thamani ya vita vitatu. Huenda ndipo Kir-haresethi ilipo katika jiwe hili, imefichwa ndani ya birika.

Uhuru wa Moabu haukudumu kama jiwe lake. Karne iliyofuata walikuja Waashuru, ambao hawakutofautisha sana kati ya Kemoshi na jirani yake, wote walilipa. Katika orodha za Tiglath-pileseri wa Tatu yumo Salamanu wa Moabu. Senakeribu alipoishukia Yuda mwaka 701 KK, mfalme wa Moabu aliyeitwa Kemoshi-nadabu alimletea zawadi mapema, akaokoka. Esarhadoni alimtaja Musuri wa Moabu kati ya wafalme waliolazimishwa kusafirisha mbao kwa ajili ya jumba la Ninawi. Kwa mujibu wa Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, Nebukadreza aliwashambulia Wamoabu na Waamoni miaka mitano baada ya kuanguka Yerusalemu, yaani mnamo 582 KK. Baada ya hapo hakuna tena mfalme wa Moabu. Wanabateya wakaja na ngamia zao, na watu wa Kemoshi wakayeyuka ndani ya watu wengine.

Isaya na Yeremia waliwaimbia maombolezo marefu, na humo kuna machozi juu ya mizabibu ya Sibma ambayo hayafanani na furaha ya adui. Nehemia, katika karne ya 5 KK, bado aliwapiga na kuwang'oa nywele Wayahudi waliooa wanawake wa Moabu. Wafalme walikwisha, harusi hazikukoma.

Mistari ya mwisho ya jiwe ndiyo iliyoumia zaidi. Mesha ameelekea kusini, Horonaimu, ambako kuna mtu au ukoo unaokaa, na jina lake limebaki nusu. André Lemaire wa Ufaransa alisoma hapo, mwaka 1994, "Nyumba ya Daudi". Mwaka 2019 Israel Finkelstein, Nadav Na'aman na Thomas Römer walikwenda tena kwenye karatasi ya Jamil, wakasema herufi inayoonekana ni B, na kwamba jina linaweza kuwa Balaki. Tofauti ni mikwaruzo kwenye karatasi iliyobanduliwa kabla ya kukauka.

Kemoshi anamwambia ashuke akapigane na Horonaimu. Anashuka. Mji unarudi mikononi mwake. Hapo jiwe linabomoka, herufi zinakuja mbilimbili, tatutatu. Maandishi yaliyofunguliwa kwa neno "mimi" yanaishia kwenye ukingo uliovunjika, na neno la mwisho linalosomeka, huku herufi yake ya mwisho imeliwa, ni "nami".